Usivumishe: Tafakari ya Kutoka 23:1 Wakati wa Uchaguzi

Wapendwa katika Bwana, neno letu la wiki hii ni Kutoka 23:1: "Usivumishe habari za uongo, usitie mkono wako pamoja na mwovu, kuwa shahidi wa udhalimu." Tumezoea kuhubiriwa juu ya yule aliyeketi akautunga uongo, lakini hapa Mungu anasema pia na yule aliyeupokea ukiwa umekwisha kutungwa, naye akaupeleka mbele. Huyo wa pili ndiye tunayefanana naye wengi wetu kila uchaguzi unapokaribia.

Picha ya karatasi za kura zinazodaiwa kupigwa kabla ya siku yenyewe huingia usiku katika kikundi cha WhatsApp cha kwaya au cha jumuiya. Haina tarehe wala jina la kituo, na juu yake ipo alama ya mishale miwili inayoonyesha kwamba imekwisha kupita kwa watu wengi. Aliyeituma ni mzee anayeheshimika kanisani, naye ameandika chini yake, "Naileta kama nilivyoipokea." Anadhani kwa maneno hayo amejitoa katika jambo lile, kumbe waliobaki wanaiamini picha kwa sababu imetoka kwake, na kabla hakujapambazuka imekwisha kufika katika vikundi vingine ambako jina lake halijulikani na mashaka yake, kama alikuwa nayo, hayakuandikwa.

Wanasaikolojia wameuchunguza udhaifu huu, na yapo waliyoyaona ambayo yanamfaa mwamini. Mwaka 1977, watafiti wa Marekani Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino waliwasomea wanafunzi wa chuo kikuu sentensi kadhaa, nyingine za kweli na nyingine za uongo, katika vikao vitatu vilivyopishana kwa wiki mbili. Sentensi zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa kila kikao, ziwe za kweli au za uongo. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba hata mtu anayelijua jibu sahihi anaweza kuyumbishwa na marudio. Basi mtu asijifariji kwa kusema kwamba yeye amesoma, au kwamba anamjua Mungu, kwa hiyo uongo hauwezi kumpata. Masikio yetu yote huzoea kile yanachokisikia mara kwa mara, na wapiga kampeni wanalijua hilo.

Lakini lipo jambo lililonitia moyo zaidi. Mwaka 2021, Gordon Pennycook, David Rand na wenzao walichapisha utafiti uliowahusisha watumiaji zaidi ya 5,000 wa Twitter, watu waliokuwa wamewahi kusambaza habari kutoka tovuti zisizoaminika. Hawakuwakemea wala hawakuwafundisha siasa. Waliwatumia ujumbe wa faragha wenye kichwa kimoja cha habari isiyo ya siasa, wakawauliza kama wanadhani ni sahihi. Baada ya swali hilo, ubora wa habari ambazo watu hao walizisambaza uliongezeka. Badiliko lenyewe halikuwa kubwa, na nisingependa likuzwe, ila linatueleza kwamba wengi wanaosambaza uongo hawakuamua kuiasi kweli. Macho yao yalikuwa kwenye furaha ya kuona upande wao ukishinda, na swali la ukweli halikupata nafasi ya kuulizwa. Yakobo alikwisha kutuagiza kila mtu awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema. Swali "Je, hii ni kweli?" linaweza kuulizwa pale kidole kinapokaribia kubonyeza, nalo ni utii unaowezekana hata kwa aliyechoka na kazi za siku nzima.

Wanasiasa nao wana moyo kama wetu. Kabla ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2012, watafiti Brendan Nyhan na Jason Reifler waliwaandikia barua baadhi ya wajumbe wa mabunge ya majimbo 9, wakiwakumbusha kwamba kauli zao zinakaguliwa na kwamba kukutwa na uongo kungewaharibia jina. Waliopokea barua hizo hawakutiliwa shaka kauli zao mara nyingi kama wale ambao hawakuzipokea. Kwa hiyo mgombea anapokuja kutusalimu baada ya ibada, mwenye kumwuliza kwa adabu takwimu yake ameitoa wapi hajamkosea heshima, amemsaidia kusema kweli, na Waefeso 4:25 inatudai hilo kwa kuwa "tu viungo, kila mmoja kiungo cha wenzake."

Ombi langu la wiki hii linamhusu kila aliyekwisha kutuma habari iliyobainika kuwa ya uongo. Arudi katika kikundi kile kile alikoituma, si kwa mtu mmoja faraghani, kwa kuwa walioiona ni wengi na kila mmoja wao ana haki ya kusahihishiwa. Aanze kwa kueleza jambo lilivyo kweli na chanzo chake, kisha aseme kwa ufupi kwamba habari aliyoituma haikuwa sahihi. Picha yenyewe asiirudishe, kwani kuionyesha tena ni kuwazoesha watu uongo ule ule.