Nenda na futi kamba, karai waachie wenyewe

Tangu nirudi Dar kutoka Chamwino, mkoani Dodoma, kila mtu anataka kuona picha moja: mimi na tofali kichwani, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Sina. Asubuhi ya kwanza tu, fundi mkuu alitusimamisha sote tuliokwenda kujitolea akasema, "Hapa saidia fundi wapo, na wanalipwa kwa siku. Ukishika karai umemnyang'anya mtu unga." Kisha akanigeukia: "Wewe injinia una futi kamba? Haya, twende." Nilimweleza kwamba nasoma usanifu majengo, si uhandisi. Akacheka. Nimebaki injinia hadi leo.

Tulikuwa tunajenga nyumba ya kina mama wajawazito wanaotoka vitongoji vya mbali, wakae karibu na zahanati siku zao zikikaribia. Mchanga, mawe na maji vilitoka kwa wanakijiji kwa msaragambo. Saruji, mbao na bati vilitoka kwa wafadhili.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa uso wa nyumba. Mwenyekiti wa kijiji alitaka itazame barabara, yaani magharibi, ili mgeni akipita aione. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapita karibu na utosi, kwa hiyo ukuta unaoteseka ni ule wa magharibi, unaopigwa moja kwa moja na jua la jioni likishuka. Sikumchorea mchoro. Nilimwomba saa kumi jioni aje aweke kiganja kwenye ukuta wa zahanati upande huo. Aliweka, akakiondoa upesi, akasema, "Geuzeni." Kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini, na barabara ikabaki na ubavu.

Paa lilikuwa gumu zaidi. Darasani tembe la Kigogo linasifiwa sana, na ni haki yake: udongo mzito juu ya miti, ndani baridi mchana kutwa. Nilipolitaja kwenye kikao, bibi mmoja aliyezaliwa ndani ya tembe aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, utakuja wewe kulikandika kila mwaka? Mvua ikipita katikati ya dari, utamhamisha mzazi?" Kina mama wote walitaka bati. Basi likawa bati, lakini tukaweka dari, tukaacha matundu ya hewa juu ya kuta na kurefusha paa lifunike kibaraza kipana. Kibaraza kile ndicho walichokidai kwa nguvu kuliko vyumba vyenyewe, maana mjamzito hashindi kitandani. Anachambua mlenda, anasukana, anaongea na wenzake.

Tofali tulishindilia kwa mashine ya mkono, udongo na saruji kidogo, bila kuchoma. Kuni za tanuri ungezitoa wapi huku? Udongo niliupima kwa chupa ya maji: unatia, unatikisa, unaacha utulie. Mchanga unatua kwanza, mfinyanzi mwisho. Ule mweusi wa mbugani tuliukwepa kabisa, kwani hufura ukilowa na kupasuka ukikauka.

Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa maji. Tofali lenye saruji lazima linyweshwe kwa siku kadhaa ndipo likomae, na upepo wa Agosti wa Dodoma unalikausha kabla hujageuka. Maji yalikuja kwa madumu juu ya mkokoteni wa punda. Fundi alifunika tofali kwa magunia mabichi na nailoni juu yake, akawa mkali kwa yeyote aliyefunua, nami nikiwemo.

Hapo ndipo nilipokaa na daftari. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 55,000. Toa zinazoruka na kumwagika, hesabu 44,000. Mweka hazina wa kamati, mama mwenye kuuza pombe ya mtama, alinifanya nirudie hesabu mbele yake kwa madumu ya lita 20: 2,200. Akauliza dumu moja la punda ni shilingi ngapi, akajijibu mwenyewe, na pesa zilizotengwa kwa rangi ya nje zikahamia kwenye mifereji ya paa na simtanki.

Nyumba haijapakwa rangi. Mfereji wa upande wa kusini bado unasubiri vishikizo, na anayejua kuvifunga ni fundi wa bati wa Mvumi, ambaye hapatikani msimu wa kulima. Mwanafunzi mwenye likizo Novemba na mkono mzuri wa kuchora, aniandikie: kamati sasa inataka ramani ya jiko.