Nilivyoiingiza ilimba kwenye kompyuta ikabaki ilimba

Mimi natengeneza muziki nyumbani, chumba kimoja tu hapa Nkuhungu, na kwa miaka mingi mteja akija anataka ladha ya Kigogo nilikuwa namwekea sauti ya kalimba iliyokuja na programu ya muziki, ile safi inayolia kama kengele ya getini. Siku moja mama mmoja wa kwaya akaisikia akaniuliza, mwanangu hii ni ya wapi, mbona siyo ya kwetu? Sikuwa na la kumjibu. Nimezaliwa Dodoma, ilimba nimeisikia kabla sijajua kusoma, na nilijua kabisa anasema kweli. Nikaamua nitasampo ilimba yenyewe, yaani niirekodi chuma kwa chuma, niwe nayo kwenye kibodi ya muziki. Iliniuma sana kwamba mtu akitaka kinanda cha Ulaya anakipata cha kila aina mpaka na mlio wa kiti cha mpigaji, ila cha nyumbani kwetu anapewa kengele.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma juu yake, unapiga kwa madole gumba, wengine wanaita marimba ya mkono. Nje ya nchi wengi waliijua kupitia marehemu Hukwe Zawose, mtu wa huku huku kwetu aliyefundisha Bagamoyo na kurekodi na lebo ya Real World ya Uingereza kabla hajafariki 2003. Sasa kuna mambo mawili ukiisikia kwenye spika tu huwezi kuyajua. Kwenye lile sanduku kuna matundu yamezibwa na utando wa buibui, ule mweupe mgumu kama karatasi anaofunikia mayai yake, na huo utando ndio unaotoa mvumo kama nyuki ndani ya mzinga. Halafu si vyuma vyote vinapigwa. Vingine vipo pale kuitikia tu, ukimpiga jirani yake na yeye anatetema.

Haya mawili ndiyo niliambiwa niyaondoe. Na kila aliyeniambia aliniambia kwa uhakika kabisa.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa produsa mmoja hapa mjini: usijitese, rekodi noti moja tu iliyo safi, kompyuta itainyoosha kibodi nzima. Nikamsikiliza kwa sababu ana vyombo vikubwa kuliko mimi. Babu yangu upande wa mama anapiga ilimba, anakaa kijijini mbele ya Mvumi, na wiki ile alikuwa kaja mjini kliniki ya macho, basi nikamkalisha chumbani kwangu saa nane mchana nikarekodi noti moja ya katikati. Ukipanda noti tano juu sanduku linakuwa la kiberiti, mvumo wa buibui unageuka mbu sikioni, mlio unakatika haraka. Ukishuka chini sanduku linakuwa pipa la maji. Na haiwezi kuwa vingine, maana kupandisha noti kwa njia ile ni kuicheza haraka zaidi, ukiicheza kasi mara mbili inapanda oktava moja, lakini haipandi noti peke yake, kila kilichomo kinapanda nayo, mbao, buibui, kucha za babu, na muda wa mlio unabaki nusu. Waingereza waliotoa kinanda cha Mellotron mwaka 1963 walishalielewa hilo kabla ya kompyuta hizi, kila kibonyezo kilikuwa na utepe wake na noti yake iliyorekodiwa peke yake, kama sekunde nane hivi. Miaka yote hiyo imepita halafu mtu ananiambia noti moja inatosha!

Tena hata hiyo noti moja yenyewe ilikuwa na kasoro. Anayeishi chini ya bati Dodoma anajua, jua likikaza mabati yanatanuka yanalia pa! pa! juu ya kichwa chako, na upepo wetu ule wa kiangazi unasukuma mlango muda wote. Kwa sikio la kawaida huvisikii, umeshazoea. Vaa hedifoni uone.

Basi nikaamua kumfuata babu kwake, na nakwambia studio bora niliyowahi kuingia katika maisha yangu ni tembe la babu. Ukuta wa udongo mnene, paa la udongo limekaa juu ya magogo, dirisha dogo kama kitabu. Ukipiga makofi mle ndani sauti inafia pale pale, hairudi. Watu wanalipa mamilioni kubandika sponji ukutani kutafuta kitu ambacho Wagogo walikijenga zamani sana kwa sababu ya joto. Kelele zilizobaki ni kuku na mbuzi, hivyo tulianza saa tatu usiku wakishalala.

Kinasa sauti nilikuwa nacho kile kidogo cha kushika mkononi, nilikipata mtumba kwa laki mbili na kitu. Nikakiweka juu ya gunia la uwele, shubiri moja na nusu kutoka kwenye matundu ya ilimba. Gunia lilikuwa muhimu, mezani mtetemo ulikuwa unapanda kwenye miguu ya meza unaingia kwenye maiki, kwenye nafaka unakufa. Na zima kile kitu kinachojirekebisha sauti chenyewe, kizime kabla hujatoka nyumbani, mimi ile mara ya mjini kilikuwa kimewaka, noti laini na noti kali zote zikatoka saizi moja.

Tatizo likaja kwa babu mwenyewe. Nikamwambia babu naomba upige chuma hiki kimoja, unyamaze, halafu ukipige tena.

"Mjukuu wangu, nani anapiga chuma kimoja? Huko ni kubisha hodi."

Akapiga, na kweli ilikuwa hodi, mlio mkavu hauna mtu ndani yake. Nikamwomba apige kwa nguvu tofauti, laini, wastani, kali, akawa ananiangalia tu. Hapo nilikaa kama saa nzima nawaza. Mwishowe nikamwambia babu wewe piga wimbo wako kama kawaida, mimi nikiinua mkono acha, subiri vyote vinyamaze, ndipo ukipige hiki kimoja huku wimbo bado uko mkononi. Na badala ya kusema laini nikamwambia piga kama mtoto kalala hapo pembeni. Badala ya wastani, piga kama unaimba peke yako. Badala ya kali, piga kama kina mama wameshaanza muheme na ngoma zao zinakufunika. Aisee! Vidole vikabadilika pale pale. Zile tofauti tatu zilizotoka mle huwezi kuzitengeneza kwa kuongeza na kupunguza sauti, maana akipiga kwa nguvu buibui anavuma zaidi, akipiga laini buibui karibu ananyamaza, ni rangi nyingine kabisa ya sauti. Ndiyo maana sampo ya kweli inataka ngazi za nguvu, usije ukachukua rekodi moja ukaipunguza ukasema hii ndiyo laini.

Kabla ya kila pigo nilitamka kwa sauti, "kushoto cha saba, mtoto kalala, mara ya pili", nanyamaza, babu anapiga, tunasubiri mpaka mlio uishe wenyewe. Vyuma anavyovipiga ni kumi na tisa, ngazi tatu, kila ngazi mara nne, jumla rekodi 228. Zile mara nne usizirukie. Ukitumia rekodi moja, mtu akirudia noti ileile haraka kwenye kibodi inatoka kama cherehani, tatatata, sikio linashtuka hapohapo kwamba hii ni mashine. Zikiwa nne zinapokezana zamu, sikio linatulia.

Usiku wa kwanza wote niliupoteza kwa ushauri wa pili, wa kwenye video moja, kwamba unaporekodi noti uzibe zingine kwa kitambaa ili noti iwe safi. Nikachana kanga kuukuu nikasokota vipande nikavipitisha kati ya vyuma, kazi ya subira kweli, chuma kwa chuma. Babu akavumilia mpaka tukafika cha nne akaweka ilimba chini. "Umewaziba midomo wenzake, sasa huyu aimbe na nani?" Nilibisha kidogo. Asubuhi nikasikiliza kwenye hedifoni nikaona ndiyo hivyo, noti ilikuwa safi lakini imekufa, vile vyuma vya kuitikia vilikuwa vimenyamazishwa na ndivyo vinavyoipa ilimba ule ukungu nyuma ya noti. Usiku wa pili tukaanza upya bila kitambaa. Tena kabla ya kuanza babu akavigusa vyuma viwili akavirudisha ndani kidogo kwa kugonga, ukikirudisha sehemu inayotetema inafupika noti inapanda, kwa hiyo rekodi za jana hata zingekuwa nzuri zisingeendana na za leo. Ukianza ilimba imalize usiku huohuo.

Gharama sikuandika. Nauli, betri, sukari na majani ya chai ya bibi, na babu nilimpa chake kabla hatujaanza, tukakubaliana kila mteja atakayelipia sauti ile naye anapata. Mzee akikupa ilimba yake amekupa kazi ya miaka yake yote, mlipe.

Nyumbani nikaanza kukata rekodi, programu ya Audacity ni ya bure inatosha. Nikakutana na ushauri wa tatu, ondoa kelele. Unaionyesha programu kipande cha ukimya ijifunze kelele ni ipi, kisha inaifuta kote. Nikaipitisha kwenye faili zote 228 kwa mkupuo, ikachukua muda mrefu, umeme ukakatika katikati nikasubiri ukarudi nikaendelea. Nikafungua ya kwanza, buibui hayupo. Ya pili, hayupo. Kompyuta ilichukulia mvumo ni uchafu, na mwisho wa mlio ikaacha vijisauti kama mapovu ya maji. Nilikuwa nimeacha nakala kwenye flashi, la sivyo nisingekuwa naandika hapa. Tangu hapo siondoi kelele yoyote kwenye ala inayovuma, narekodi mahali pa kimya basi.

La nne ndilo lililonikasirisha kuliko yote: zitiuni noti zote zifuate piano. Ilimba ya babu haifuati piano, na wala haijakosea. Mizani ya Wagogo inatoka kwenye sauti asilia zinazozaliwa na noti moja ya chini, ya nne, ya tano, ya sita, ya saba na kuendelea, watafiti wa muziki kina Gerhard Kubik wameliandika hilo. Kwa kipimo cha noti kinachoitwa senti, hatua moja ya piano ni senti mia. Ile ya tano iko senti kama 14 chini ya noti ya piano iliyo jirani, ya saba iko senti 31 chini, karibu theluthi ya hatua. Nilipopima za babu zilikaa humo humo, zinapishana senti mbili tatu. Nilijaribu kuzinyoosha, nikapiga nne pamoja, sauti ikaanza kuwayawaya kama taa yenye umeme mdogo. Nikarudisha za babu, zikashikana zikawa kitu kimoja kinachovuma. Sasa nikichanganya na kinanda, kinanda ndicho kinachoshushwa kuifuata ilimba.

Kupanga kwenye kibodi ni kazi ya jioni moja mbili, nilitumia SFZ ambayo ni faili la maandishi tu, unaandika sampo hii iko kibonyezo hiki, nguvu kuanzia hapa mpaka hapa, zamu ya ngapi. Usiiache noti ikatike ukiinua kidole, ilimba haina kitu cha kuzima mlio, iache iishe yenyewe.

Nikarudi kijijini na kompyuta na spika. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikampigia kipande kimoja nilichokijua kutoka kwake. Akainamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni yangu. Ila huyu anayepiga ana madole gumba mawili ya kulia."

Sikuelewa mpaka niko kwenye gari la kurudi. Wakati wa kukata nilikuwa nimezipandisha rekodi zote zifikie kimo kimoja cha ukubwa wa sauti, kwa sababu ndivyo inavyofundishwa kila mahali, na dole la kushoto la babu kwa asili ni zito kuliko la kulia, linabeba noti za chini, linaongoza. Nilikuwa nimelisawazisha. Nikarudi kwenye flashi, nikazitoa rekodi zote upya jinsi zilivyo bila kugusa kimo, kushoto ikasimama kama desibeli tatu juu ya kulia. Nikarudi tena baada ya wiki mbili nikampigia kipande kilekile. Safari hii hakusema kitu, aliomba tu nimwongezee sauti.