Kutoka Uyole Hadi Matamba, Habari za Mizizi

Pale Uyole, Mbeya, gari la kupandisha Isyonje lilikuwa bado halijajaa, na dereva hakuwa na haraka. Muuza dawa akapata uwanja wake. Siku hiyo alikuwa na jinsengi: pakiti nyekundu zenye picha ya mzizi uliotoa mikono na miguu. Ukimsikiliza, inatibu sukari, presha, mgongo, usingizi na, akishusha sauti kidogo ili wote tusikie, nguvu za kiume.

Mzizi wenyewe si uzushi. Asili yake ni Korea na kaskazini-mashariki ya China, na umetumika huko kwa karne nyingi. Jina lake la Kichina, renshen, linataja mtu, kwa sababu ya yale mapaja yake. Wataalamu wa mimea nao wakaupachika jina la Panax, kutoka neno la Kigiriki la dawa ya kila kitu, kwa hiyo kijana wetu hakuwa wa kwanza kutia chumvi. Ila mama mmoja mbele yangu alishafungua pochi huku akisema anameza vidonge vya sukari. Nikamwambia, "Mama, kaulize kwanza kliniki. Hii inaweza kushusha sukari, na ukichanganya na vidonge inaweza kushuka mno." Akafunga pochi. Muuzaji akaona nimemtilia kitumbua chake mchanga, akashuka bila kuniaga.

Isyonje nilidandia lori lililokuwa linafuata viazi. Njia inapanda hadi masikio yanaziba, halafu miti inaisha na unajikuta kwenye uwanda wa majani, kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ulikuwa msimu wa mvua, maua yamechachamaa: ya njano, ya zambarau, meupe. Baridi yake sitaieleza. Nendeni na koti.

Nilichokifuata nilikipata Matamba, nje ya hifadhi, kwenye ukingo wa shamba la mzee mmoja mwenyeji wangu. Alipiga goti kando ya okidi yenye maua ya waridi, akachimbua udongo kwa vidole, taratibu. Chini palikuwa na viazi viwili vidogo. Kimoja kimenywea na kukunjamana, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili kigumu, cheupe, kimejaa maji: hicho ni cha mwakani. "Wachimbaji wanataka hiki," akasema, akigusa kigumu. Akavifukia na kushindilia kwa kiganja.

Hii ndiyo chikanda. Hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga za kusaga, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka igande na kukatwa vipande. Walaji wakubwa ni Wazambia. Kwao ilipoadimika, wafanyabiashara wakageukia nyanda zetu, na magunia yakaanza kuteremka Tunduma. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalitaja mamilioni ya viazi kwa mwaka.

Nikamsimulia mzee kuwa jinsengi ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1711 padri Mfaransa aliyekuwa China, Pierre Jartoux, aliuandikia ulimwengu habari za mzizi huo, akabashiri kwamba kama upo kwingine, basi ni Kanada. Mwaka 1716 padri mwenzake, Lafitau, akapata mzizi wa jamii hiyohiyo karibu na Montreal, hukohuko Kanada, na watu wakaingia msituni kuchimba wa kuuza China. Meli ya kwanza ya Marekani kwenda China, mwaka 1784, ilibeba tani kwa tani za mzizi huo.

"Sasa hivi wanalima?" akauliza.

"Wanalima, chini ya kivuli. Wanasubiri miaka minne, hata sita."

Akacheka. "Sita! Mimi viazi navuna kwa miezi minne. Na chikanda je, inalimika?"

Nikamweleza kuwa mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, na bila fangasi wake wa udongoni haioti. Si kazi ya jembe.

"Na huo wa kwao wa porini, bado upo?"

"Kidogo sana, mzee. Na bei yake haishikiki."

"Basi na hii itapanda bei," akasema, akaokota jembe lake.