Saa Tano ya Kompyuta, Saa Nane ya Mlinzi

Nikiwa katika mwaka wangu wa kwanza wa ufundi wa mitandao, kwenye chuo kimoja mjini Morogoro, nilikabidhiwa swichi ya Cisco ya jengo la maktaba, kifaa kinachounganisha kompyuta za jengo kwenye mtandao, ambayo ilikuwa ikizimika na kuwaka yenyewe usiku bila mtu kujua sababu. Kila nilipochomeka kebo ya konsoli, ile ya kuingilia ndani ya swichi kutoka kompyuta, asubuhi, nilikuta jumbe zake za kurekodi matukio zimeanza upya, kwa sababu nafasi ya baiti 4096 inayozihifadhi imo ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda, na hufutika swichi inapozimika. Tena zilibeba tarehe 1 Machi 1993, ambako swichi za aina ile huanzia kuhesabu zisipopewa saa.

Niliamua kuzipeleka jumbe hizo nje, kwenye kompyuta kuukuu ya Linux iliyokuwa chini ya meza yangu, izipokee kwa UDP, njia ya kutuma data mtandaoni, kwenye poti 514, mlango wa jumbe za aina hiyo. Ngazi za uzito wa jumbe ni nane, kuanzia 0 ya maafa hadi 7 ya uchunguzi wa kina, nami kwa kuogopa kelele niliandika "logging trap 2", yaani zitumwe za ngazi 0 hadi 2 tu, nikiamini kwamba kuzimika kwa swichi hakuwezi kuwa jambo dogo. Swichi ikazimika tena, faili likabaki tupu. Nilishuku kebo, nikashuku kompyuta, kabla ya kusoma kwamba ujumbe wa kuwaka upya, SYS-5-RESTART, umepangwa ngazi ya 5, pamoja na taarifa za kawaida. Mpaka leo mpangilio huo haujaniingia akilini.

Nikaweka 6. Safari iliyofuata ujumbe ulifika na 1993 yake, ila kompyuta ilikuwa imeugongea muhuri wake: 23:10. Nikaenda getini kwa mlinzi.

"Shikamoo mzee. Jana saa tano na dakika kumi usiku kulitokea nini?"

"Marahaba, fundi. Saa tano palikuwa shwari, taa zote zinawaka."

Nilirudi nimenuna, mpaka nilipokumbuka kwamba kompyuta ile niliiacha kwenye saa ya UTC, saa ya marejeo ya kimataifa, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu: ilikuwa 02:10, yaani saa nane na dakika kumi. Mzee alifungua daftari la zamu, akaniwekea kidole kwenye mstari: "8:10, umeme umekatika, jenereta imewaka." Mchana ule tulifungua UPS ya maktaba, kifaa cha betri cha kushikilia umeme unapokatika, ambayo sote tuliiamini, tukakuta betri yake imevimba.