Kuchagua boti ya familia kwa Ziwa Kivu

Boti mbili tunazolinganisha hapa Bukavu zinafanana kiasi kwamba mama watoto ameniuliza kama kweli kuna haja ya kuumiza kichwa. Zote ni za alumini, zote zina urefu wa mita 4.5, zote zimekwisha kutumika, na bei zake zinakaribiana. Moja imeungwa kwa ribiti, yaani pini zinazogongwa ncha zake ili kushikanisha mabati. Nyingine imechomelewa, na bati lake ni nene zaidi. Ukiziangalia zikiwa nchi kavu, hii ya pili ndiyo inayovutia.

Ni kweli kwamba ribiti hulegea kadiri boti inavyopigwa na mawimbi, hata maji yakaanza kupenya. Hata hivyo, ribiti iliyolegea hukazwa na watu wawili, mmoja akigonga kwa nyundo na mwingine akikinga kwa chuma kizito upande wa pili, ilhali ufa katika mshono wa alumini unadai mashine ya gesi ya argoni na mkono uliozoea, kwa sababu alumini hupitisha joto haraka na hutoboka kabla fundi hajatambua. Wachomeleaji wa mtaani kwetu ni hodari kwa milango na madirisha. Hiyo ni kazi nyingine. Kutu hainisumbui, maana Kivu si bahari. La kuepuka ni kufunga shaba moja kwa moja juu ya alumini, kwa kuwa penye unyevu alumini ndiyo italiwa.

Kinachonielekeza zaidi ni upana na kimo cha ubavu. Boti ya kuchomelewa ina upana wa mita 1.6, kitako bapa na ubavu mfupi. Ile ya ribiti ina mita 1.9, kitako cha umbo la V na ubavu mrefu. Kuna kanuni rahisi inayotumika Marekani kwa boti ndogo: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, kisha gawanya kwa 15, upate idadi ya watu maji yakiwa shwari. Ya kuchomelewa inatoa watu 5, ya ribiti 6. Sisi ni sita, tukimhesabu bibi ya watoto, ambaye hakubali kuachwa nyumbani panapotajwa sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa Kivu.

Tena kanuni hiyo inazungumzia maji tulivu. Kitako bapa hutulia vizuri kwenye ghuba, lakini upepo wa kusini-mashariki unapovuma, hasa kati ya Juni na Agosti, kitagonga kila wimbi badala ya kulikata, na ubavu mfupi utakaribisha maji ndani. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na wengi walipoteza maisha. Baada ya hapo siwezi kumwambia mtu kwamba mmoja wa ziada si neno.

Ubaya wa boti pana ni kwamba inahitaji nguvu zaidi. Ziwa letu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, hivyo injini ya nguvu za farasi 15 itafanya kazi kama ya 13. Nakubali kwenda polepole. (Wanaoniuliza kama injini itawasha gesi ya ziwani wasihofu: methani hiyo imeyeyuka katika maji ya kina kirefu.)

Naelekea kwenye boti ya ribiti, ila sharti fedha za jaketi sita za kuokolea, zikiwamo za vipimo vya watoto, zitengwe kwanza. Jumamosi mwenye boti ataiingiza majini, tutaketi ndani sote karibu na ufuo, fundi atapima kwa rula ubavu unaobaki juu ya maji na kukagua ribiti moja moja, ndipo tutazungumza bei.