Nilivyompata mtu wa kunipokea kijiko

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Alichelewa kulia alipozaliwa, ubongo ukakosa hewa. Wapo wanaonong'ona kuwa amelogwa. Daktari alishanieleza, ni hewa, basi. Sasa ana miaka saba, hatembei. Hapa Ujiji watu hunipa pole ya kumbeba, lakini kilichokuwa kikinimaliza ni kumlisha.

Mlo mmoja ni saa nzima. Unamkalisha wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kinatokea mbele, usawa wa mdomo. Ugali unaulainisha kwa mchuzi wa mawese, samaki wetu mgebuka unamchambua miiba na kumpapasa tena kwa vidole. Anameza, unasubiri, ndipo unampa kingine. Ukiharakisha anapaliwa, na chakula kikiingia mapafuni ni nimonia. Ndiyo maana sikumwachia mtu. Milo yote mimi, degedege la usiku mimi. Nikawa nalia huku naosha vyombo, harusini siendi, akikohoa tu moyo unanipasuka. Watu wakaniambia nisubiri, ni mtihani wa Mungu. Subira ninayo, nilichokosa ni usingizi.

Kwenye mazoezi ya viungo pale hospitali ya Maweni nilimkuta mama mmoja amekaa pembeni anakunywa chai, wifi yake ndiye anayemnyoosha mtoto miguu. Niliwatazama sana. Akaniambia, "Shoga, mfundishe mtu mmoja tu. Msimamie mpaka moyo wako utulie."

Nilimwomba mama mkwe. Aliogopa kuliko mimi. Tulianza na uji mzito, kwa kuwa mwepesi humkimbilia kooni kabla hajawa tayari. Nilikaa nyuma yake, nimejizuia kusema, na kujizuia huko ndiko kulikonipa tabu kuliko yote. Siku mtoto alipopaliwa, nilikuwa nimeshanyanyuka. Mama akamwinamisha mbele kama nilivyomwonyesha, akamwacha akohoe mpaka koo likasafika, akampangusa mdomo, akangoja, akaendelea. Hakugeuka kunitazama. "Nenda kalale, mwanangu," akasema.

Mlo wa mchana sasa ni wa bibi yake. Saa hiyo nalala, au nashuka mwaloni Kibirizi kununua dagaa na kuzungumza na wenzangu. Usiku wa degedege bado nalia, ila asubuhi nina nguvu ya kuamka. Juzi baba yake ameomba naye afundishwe mlo wa jioni. Tumeanza na viazi vya kuponda.