Kuomba Punguzo Ginza

Novemba 2018 nilikuwa Tsukuba, Japani, kwa mafunzo ya miezi mitatu. Jumapili moja mwenzangu wa Mombasa akanigongea mlango. "Shoga, vaa viatu. Twende Ginza tukaone matajiri wanavyonunua."

Treni hadi Akihabara ni dakika 45, kisha ya chini ya ardhi hadi Ginza, mtaa wa maduka ya kifahari wa Tokyo. Tukaibukia njia panda ya 4-chome, yaani kitongoji cha nne cha Ginza, mbele ya duka liitwalo Wako na saa yake ya mnara iliyopo pale tangu 1932. Ilipogonga saa sita mchana, magari yakazuiwa kwenye barabara kuu ya hapo, Chuo-dori, kama inavyofanywa kila mwisho wa wiki tangu 1970, na watu wakamwagika katikati ya lami. Wazee wakakaa kwenye viti chini ya miavuli. Mbwa waliovishwa makoti walisukumwa kwenye vigari vya watoto, na mwenzangu akaapa kwamba hatamsimulia mama yake maana hatamwamini.

Jina lenyewe la Ginza lina fedha ndani yake: sarafu za fedha zilianza kufuliwa hapo mwaka 1612. Siku hizi fedha haifuliwi pale, inaachwa.

Mimi niliacha kidogo sana. Ghorofa ya chini ya duka kubwa la Mitsukoshi kulikuwa na vitambaa vya mkononi, meza baada ya meza, nikachagua kimoja chenye maua ya buluu kwa ajili ya mama. Yeni 1,080. Sasa mimi nimekulia Tanga, manunuzi nimejifunzia Kariakoo. Bei ya kwanza kwangu ni salamu tu. Kwa Kijapani changu cha kuokoteza nikaomba nipunguziwe. Dada wa duka akainamisha kichwa, akafikiri, akachukua kikokotoo, akabonyeza 1,080 na kunigeuzia kwa mikono miwili. Mwenzangu alikuwa ameshahamia kwenye miavuli, hanijui kabisa.

Nililipa. Ndipo dada yule akaanza kukifunga: karatasi laini, karatasi ngumu, kibandiko, mfuko. Kariakoo ningetupiwa kwenye rambo na kuitwa mteja mwingine. Pale kitambaa cha yeni elfu moja kilifungwa kama mahari.

Madirisha mengine tuliyapita kwa macho. Tulisimama kwenye tikiti moja tu, la kijani, limekalishwa ndani ya sanduku lake: yeni 16,200. Nikapiga hesabu: zaidi ya laki tatu za kwetu. "Hilo haliliwi," akasema mwenzangu, "hilo linaposwa."

Njaa ikatupeleka kwenye duka la mikate la Kimuraya, jirani na lile duka la Wako. Mwanzilishi wake, Kimura Yasubei, alikuwa samurai kabla ya kugeukia mikate, na mwaka 1875 mkate wao wa maharage matamu ulipelekwa kwa Mfalme Meiji ukiwa na ua la mcheri lililotiwa chumvi katikati. Bado wanauuza hivyo. Mwenzangu akauliza kama una mafuta ya nguruwe, ikabidi tuulize na chachu. Kumbe hutoka kwenye mchele unaovundikwa, jamii moja na ule wa pombe ya sake. Akanisukumia wake. Nikala yote miwili, bila aibu. Bibi yangu alipika maharage kwa nazi na sukari, na kila niliyemsimulia chuoni alikunja uso. Hapa watu walipanga foleni kuyanunua.

Mwenzangu alishinda na ndizi moja hadi jioni, tulipoteremka kwenye vyakula vya chini ya ardhi katika duka kubwa jingine. Karibu na kufunga, wahudumu wakaanza kupita na vibandiko vyekundu: nusu bei. Wamama wenye mikoba ya thamani kuliko mshahara wangu wa mwaka wakasogea, kimya kimya lakini kwa haraka. Mwenzangu akapenya katikati yao na kutoka na wali mweupe na samaki wa kuchoma kwa chumvi, maboksi mawili.

"Wewe ulikuwa unaomba punguzo mchana," akaniambia, "wenzio wanasubiri magharibi."